Toleo Ghali la Pikipiki: Nyongeza Inalipa?

Nataka kununua pikipiki, nimebaki na mbili: Yamaha MT-09 ya kawaida na toleo lake ghali, MT-09 SP. Injini ni ileile. Si nitakuwa nalipia jina tu? Safari zangu nyingi ni za kwenda kazini na kurudi.

Jina lina fungu lake kwenye bei, lakini si lote. SP ina shokapu ya nyuma ya kampuni ya Öhlins, na za mbele zina marekebisho zaidi. Ila kwenye foleni hutaijua tofauti. Utaijua kwenye kona za kasi na lami iliyochakaa, tena ukiwa unaendesha kwa kujituma. Jambo jingine: kwenye MT-09 ya 2021, kidhibiti mwendo (cruise control, kinachoshikilia kasi uliyoichagua) kilikuwa cha SP peke yake, kufika ya 2024, hata ya kawaida inacho. Vitu vingi vya toleo ghali hushuka hivyo baada ya muda. Kwa safari ulizotaja, chukua ya kawaida, na chenji inunue matairi mazuri na koti la kupandia.

Nina kilo 58. Pikipiki yangu inanirusha kila penye shimo. Rafiki zangu wananiambia nihamie toleo lenye shokapu za bei mbaya. Watakuwa sahihi?

Dada, usitoe hela bado. Springi za kiwandani hupangwa kwa mpandaji wa wastani, na wewe ni mwepesi kuliko huyo. Toleo ghali nalo lina springi zilizopangiwa mtu wa wastani, pengine ngumu zaidi kwa sababu waliolitengeneza walifikiria mbio. Unaweza kulipa ziada nyingi ukazidi kurushwa!

Pima kwanza. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja kwenye bodi, wima juu yake. Ishushe, panda ukiwa umevaa vifaa vyako vyote, mwenzako apime tena. Kwa pikipiki ya barabarani, tofauti ya milimita 30 hadi 40 ni ya kawaida. Ikiwa chini ya hapo, legeza ubanaji wa springi. Ukiulegeza hadi mwisho na bado haifiki, springi yenyewe ni ngumu kwako, na kuibadilisha ni nafuu mno kuliko kubadilisha pikipiki. Kubana au kulegeza huinua na kushusha pikipiki. Ugumu wa springi haubadiliki. Mafundi wengi hulisahau hili, na wateja wao wanaendelea kuumia migongo.

Shokapu ghali huanza kuwa na maana springi ikishakufaa, kwa sababu sifa yake kubwa ni namna inavyotuliza mwendo wa springi, na vile unavyoweza kuurekebisha. Usiyetaka kugusa bisibisi utakuwa umenunua skrubu za kurekebishia bure.

BMW R 1250 GS au ile ya Adventure? Navutiwa na tangi kubwa.

Tangi la Adventure ni lita 30, la kawaida ni 20. Kama unapita maeneo ambayo vituo vya mafuta viko mbali kimoja na kingine, hilo halina mjadala. Kama hupiti, utakuwa unabeba uzito juu juu na siti iliyo juu zaidi kwa ajili ya safari iliyo kichwani. Jaribu kuisukuma kinyumenyume tangi likiwa limejaa, halafu uamue.

Triumph Street Triple: toleo la RS lina nguvu za farasi 130, la R lina 120. Farasi 10 zinalipa?

Barabarani, hapana. Kama unaingia uwanja wa mbio, itazame RS, ila kwa sababu ya breki na shokapu ya nyuma.

Nikiuza, nyongeza niliyolipa itarudi?

Mara nyingi hurudi kidogo tu. Na muda wote ukiwa nayo, bima inaweza kuwa juu, na vipuri vyake ukianguka ni ghali.

Ni kitu gani hasa ungekilipia bila kusita?

ABS inayofanya kazi kwenye kona. ABS ya kawaida huzuia gurudumu kufunga, lakini haijui pikipiki imelala kiasi gani. Hii ina kihisi kinachopima mlalo, na hupunguza nguvu ya breki ili usiinuke ghafla ukatoka nje ya mstari wako. KTM ilikuja nayo kwenye 1190 Adventure ya 2014, mfumo wa Bosch. Ekzosi, siti na hata shokapu unaweza kuongeza mwakani. Hii huwezi kuifunga kwa fundi. Kama ipo kwenye toleo la juu pekee, hapo mimi nalipa.

Muuzaji anasema bei yake ni ya wiki hii tu.

Mwombe uendeshe matoleo yote mawili siku moja, kwenye barabara ileile, shokapu zikiwa zimepangwa kwa uzito wako. Asipokubali, mwache na wiki yake.