Msaada wa Noeli usiishie Desemba

Ndugu, umeuliza jinsi duka lako la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi linavyoweza kusaidia kituo cha yatima wakati wa Noeli. Nakuomba kwanza uende ukamuulize mama mlezi ni kitu gani kinachopungua, kwa maana Desemba kila mtu huleta biskuti, lakini Januari hakuna anayebisha hodi. Mwaka jana, katika kituo kimoja cha Katuba, niliona katoni za biskuti zimepangwa hadi darini, huku pipa la unga likikwanguliwa kwa kikombe ili wapate bukari (ugali) ya jioni. Iliniuma sana.

Mvua zetu huendelea hadi Machi au Aprili, na mahindi mengi hayajavunwa kabla ya hapo, hivyo unga huelekea kupanda bei katika miezi ileile ambayo wafadhili wamekwisha kutawanyika. Kwa hiyo ugawe msaada wako: mifuko michache ya unga ya kilo 25 sasa, na mingine kila mwezi hadi mavuno. Tena wewe unauza mabati na misumari. Paa linalovuja juu ya vitanda vya watoto laweza kuzibwa na mafundi unaowajua, na hilo ni la haraka kuliko zawadi yoyote.

Wateja wakichangia dukani, andika kila kiasi katika daftari mbele yao, kisha ubandike risiti za manunuzi ukutani. Tafadhali usiwapige watoto picha za matangazo.