Deraya, mabega na kizunguzungu

Ndugu, umeuliza kama deraya, yaani vazi la chuma la vita, ndiyo iliyokuletea maumivu ya mabega na kizunguzungu kwenye mchezo wa kuigiza mashujaa kule Brokeloh, Ujerumani. Mabega, ndiyo. Vazi la pete za chuma lina kilo 10 hadi 15 hivi, na zote zinaning'inia mabegani. Funga mkanda mpana wa ngozi kiunoni, inua mikono, kisha vuta pete zilegee kidogo juu ya mkanda. Nyonga zitabeba sehemu ya mzigo, na utasikia nafuu papo hapo.

Kizunguzungu ndicho cha kuogopa. Hapo sikilaumu sana chuma, nalilaumu lile koti nene la ndani lililojazwa pamba: jasho halikauki, joto la mwili linapanda. Na jua la Agosti Ujerumani lisikudanganye, lina siku zake. Kunywa maji mara kwa mara, kula kitu chenye chumvi, vua kofia kila pambano likiisha. Ila mwenzako akianza kuongea ovyo au kupepesuka, simamisheni mchezo. Mpelekeni kivulini, mvueni deraya na koti, mmwagieni maji, mpepeeni, na pigeni simu 112, namba ya dharura, bila kungoja.