Muulize Mpiga Besi: Noti kwenye mfuko wa shati

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia umelala na maneno yamempotea. Akitaka maji anaonyesha kikombe, tusipomwelewa anakasirika mpaka machozi. Jirani yetu, mzee aliyewahi kupiga gitaa kwenye bendi za hapa Morogoro, huja kila Jumamosi jioni kumpigia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Siku ya kwanza baba aliimba ubeti mzima, na maneno yake yote. Mama alidondosha ungo wa mchele.

Mzee huyo hali yake si nzuri. Uzi wa kwanza wa gitaa lake ni kijiwaya alichokichomoa kwenye breki ya baiskeli, kwa hiyo kwetu anafika akisimamisha baiskeli kwa kandambili. Siku moja alipokuwa anaondoka nilimtilia shilingi 10,000 kwenye mfuko wa shati. Hakusema kitu. Jumamosi mbili hakuonekana, na noti akaja kuirudisha mjukuu wake. Sasa amerudi, lakini mama amenikataza kabisa habari za fedha. Nimsaidieje bila kumdhalilisha? Na ni kweli muziki utamrudishia baba usemi?
Binti wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hiyo noti.

Mwanamuziki hatuzwi mlangoni. Anatuzwa wimbo ukiwa katikati, watu wakiona. Mtuzaji anakuja akicheza, anabandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, anarudi mezani kwake kifua mbele. Hapo hakuna anayemwonea mwenzake huruma: mmoja kapiga vizuri, mwingine anaonyesha kwamba anazo. Fedha hiyohiyo ukimtilia mtu mfukoni giza likiingia, gitaa ameshalifunga kwenye baiskeli, inakuwa sadaka. Ndiyo maana ilirudi.

Sisi wa besi hata hiyo ya kwenye paji la uso hatukuijua. Unasimama nyuma karibu na ngoma, waimbaji wanabandikwa noti mpaka zinaanguka sakafuni, wewe unatazama. Mara moja tu, mwanzoni mwa miaka ya 80, mama mmoja alizunguka jukwaa zima akaja kunichomekea noti ya shilingi 20 chini ya nyuzi, shingoni mwa gitaa. Nilipotea wimbo. Kiongozi wa bendi alinikata faini, na faini ilizidi ile 20.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo noti mpe baba yako, mgeni hajafika bado. Atatumia mkono wa kushoto; najua si adabu, lakini ndio aliobaki nao. Wimbo ukiingia kwenye chemko, pale unapochangamka kwa kucheza, mguse bega. Mtu aliyecheza dansi Morogoro wakati wa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba hahitaji kuelekezwa kinachofuata. Na mama yako mwambie hukuvunja amri yake, aliyetuza ni mumewe.

Sasa huo waya wa breki. Usishangae mtu aliyepiga gitaa miaka yote hiyo kutokuwa na gitaa la maana. Vyombo havikuwa vyetu. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika, jumuiya au matajiri. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikaja kuwa ya shirika la DDC, na mali ilikuwa ya mwenye bendi kuanzia spika mpaka nyaya. Tulilipwa mshahara, hilo nashukuru. Lakini siku unayotoka, unatoka na vidole vyako. Nyimbo tulizokwenda kurekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, zilipigwa miaka nenda miaka rudi, na wengi wetu tulichopata ni kile cha siku ya kurekodi.

Nunua nyuzi, seti nzima, usinunue mmoja. Waya wa breki ni mgumu, unachimba vile vyuma vilivyolala shingoni na kuchana kidole, na ukiuvuta ufikie sauti yake unapinda shingo. Lakini kwanza lipige gitaa picha, uwaonyeshe dukani, maana nyuzi za chuma ukizifunga kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni utaling'oa daraja, kile kipande cha tumboni kinachoshika nyuzi. Seti niliyonunua Kariakoo juzi ilinila 18,000. Usimkabidhi. Iweke mezani karibu na kahawa, useme baba anataka kuusikia uzi wa kwanza ukilia vizuri. Mpiga gitaa hawezi kukaa na nyuzi mpya mezani akaziacha ndani ya karatasi. Nimejaribu mwenyewe, sikufika nusu saa.

Kubwa kuliko hilo ni kazi. Kwenu hakukosi sendofu, kipaimara, maulidi, kikao cha ukoo. Kamati ikikaa kupanga bajeti ya ukumbi, mpambaji, MC na keki, andika mstari mmoja zaidi: mpiga gitaa, nusu saa wageni wakila. Mpe advansi, malizia siku ileile kabla hajafunga gitaa. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kupiga harusini tangu saa mbili usiku mpaka saa saba, nikalipwa sahani ya pilau na ahadi ya kuonana Jumatatu. Jumatatu hizo nimeacha kuzihesabu.

Muulize pia kama ana nyimbo alizotunga mwenyewe. Kama anazo, kaa naye na daftari: jina la wimbo, nani aliimba, mwaka gani, ilirekodiwa wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiko kwa kuanzia kuulizia. Simwahidi utajiri. Ila daftari hilo likisubiri mpaka matanga, hapatakuwa na wa kumuuliza.

Kuhusu baba, mimi si daktari. Ninalolijua ni kwamba kwa watu wengi usemi unakaa upande wa kushoto wa ubongo, ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kiharusi cha upande huo kinaweza kuziba maneno kikaacha wimbo mzima. Wataalamu wa Boston, Marekani, walichapisha mwaka 1973 njia ya kufundisha wagonjwa wa namna hiyo kusema kwa kufuata lahani, yaani sauti ya wimbo. Wapo wanaosogea, wapo wasiosogea, na uimbaji hauchukui nafasi ya hospitali wala mazoezi. Nyumbani fanyeni hivi: mzee apige, nyote muimbe, mkifika neno la mwisho la mstari mnyamaze mumtazame baba, msimharakishe. Likishatoka mara kadhaa, chukueni lahani ileile mtie maneno ya nyumbani. "Nipe maji" inaingia vizuri kwenye viitikio vingi vya Mbaraka, nimejaribu jikoni mpaka mke wangu akaniletea maji kweli.

Halafu hiyo baiskeli. Mwite fundi apite Jumamosi, mzee akiwa ndani anapiga, aifunge breki ya nyuma na kuondoka zake. Mlipe wewe.