Jibu: Fungate pwani ya kusini mwa Ufaransa, kaeni mji mmoja

Mkuu mleta mada, kwanza hongera kwa ndoa. Umeuliza kama wiki moja inatosha kuanzia Barcelona, mpite Marseille, Nice, Monaco na Genoa, mmalizie Roma, kwa gari la kukodi, wewe na shemeji, mwezi wa tisa. Kufika mtafika, ila mtakachokiona zaidi ni barabara kuu na kaunta za hoteli. Mimi na mama watoto tulipokwenda upande huo tulipanga chumba Nice tukatulia hapo hapo, asubuhi tunatoka, jioni tunarudi. Nakushauri mfanye hivyo, Barcelona na Roma ziachie safari nyingine.

Kinachorahisisha mambo ni treni. Reli inafuata ufuo kutoka Cannes mpaka Ventimiglia, mji wa Italia ulio karibu na mpaka, na Nice iko katikati. Villefranche-sur-Mer haifiki hata dakika 10, Monaco kama 25, Menton kama 40. Upande wa pili Antibes ni kama 25. Treni hizo za mkoa zinaitwa TER, hakuna kuweka nafasi: kata tiketi mashineni, panda inayokuja. Mkielekea Menton kaeni upande wa kulia, bahari iko huko, ingawa mahandaki ni mengi na mara nyingi ukishainua simu upige picha, giza. Gari la nini? Njia ni nyembamba, maegesho shida, na mmoja wenu atakodolea macho usukani wakati mwenzake anafaidi bahari.

Nice yenyewe ipeni muda. Asubuhi nendeni soko la Cours Saleya, mji mkongwe, kwenye maua, matunda na zeituni za kila aina. Jumatatu msiende kwa ajili ya hayo, siku hiyo wanauza vitu vya kale. Maeneo hayo tafuteni socca. Ni chapati pana ya unga wa dengu, ule ule wa bajia, uliokorogwa na maji, mafuta ya zeituni na chumvi, ikaokwa ndani ya tanuri la kuni kwenye sinia la shaba kubwa kuliko ungo. Muuzaji haikati kwa ustadi, anaikwangua vipande vipande na kukurushia kwenye sahani, wewe unamwagia pilipili manga. Kingo zimeungua kidogo, katikati laini. Muile pale pale ikiwa ya moto. Na kwa kuwa haina nyama wala yai, wale wanaouliza habari za halali hapo hawana wasiwasi.

Juu ya mji kuna kilima wanachokiita Colline du Château. Msitafute ngome, Mfalme Louis wa 14 aliibomoa mwaka 1706. Lifti ipo, na ukiwa juu unaiona ghuba nzima. Saa sita mchana kamili mtasikia kishindo, msikimbie. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 Mskoti mmoja, Thomas Coventry, aliyekuwa akiishi Nice, alichoka kusubiri chakula cha mchana kwa sababu mkewe alikuwa anapotelea kwenye soga za matembezini. Akaomba kibali awe anapiga mzinga saa sita ili mama akumbuke kurudi. Mji ukaipenda desturi hiyo ukaiendeleza. Nilimsimulia mama watoto, akaniambia, "Angejipikia mwenyewe asingehitaji baruti." Nikanyamaza.

Ufuo wa Nice ni mawe, si mchanga. Mawe laini ya mviringo, lakini bila viatu vya mpira mtatembea mnachechemea. Kwa sisi watu wa pwani kuna jambo lingine la kushangaza: bahari haipwi. Asubuhi iko pale, jioni iko pale pale, kupwa na kujaa kwenyewe ni kudogo mno usikuone. Mimi nimekulia Tanga, nilikuwa naamka na kuchungulia dirishani nikidhani maji yatakuwa yameondoka. Jioni nendeni barabara ya ufukweni, Promenade des Anglais, kuna viti vya buluu vya bure vinavyotazama maji. Hapo mnakaa mpaka mchoke wenyewe.

Sasa Villefranche, ambako ningekuwa na siku moja tu ndiko ningeimalizia. Ukishuka stesheni ufuo uko chini ya miguu yako, ghuba imefunikwa na vilima pande mbili, maji yametulia. Nyumba ni za rangi ya chungwa na waridi, madirisha ya kijani. Nyuma ya mstari wa kwanza wa nyumba kuna Rue Obscure, mtaa wa karne ya 13 uliojengewa juu ukawa kama pango refu. Nje jua kali, humo ndani baridi na sauti za nyayo zenu tu. Bandarini kuna kikanisa cha Mtakatifu Petro, kilikuwa ghala la nyavu za wavuvi mpaka msanii Jean Cocteau alipokichora ndani mwaka 1957. Stesheni inayofuata ni Beaulieu, na kutoka pale kuna njia ya miguu kando ya bahari hadi Saint-Jean-Cap-Ferrat. Ni tambarare, hata shemeji akivaa viatu vya kupendeza atafika.

Monaco nusu siku inatosha. Askari wa ikulu hubadilishana zamu saa 5:55 asubuhi, piga picha, tazama mashua za matajiri, ondokeni. Kahawa kanyweeni kwingine.

Menton ndiko kwa ndimu, zina jina Ulaya nzima, na Februari wanazifanyia tamasha. Pandeni ngazi hadi kanisa la Saint-Michel, kisha mzidi kupanda mpaka makaburini juu kabisa. Najua inasikika vibaya kwa watu wa fungate, ila mandhari ya bahari kutoka pale hayana mpinzani. Ijumaa vukeni Ventimiglia kwenye soko la nguo na viatu la kando ya bahari, mama watoto alijiona yuko soko la Karume, Dar. Mkirudi muwe na pasipoti mkononi, maana kwenye stesheni ya kwanza ya Ufaransa askari huwa wanapanda kukagua.

Èze, kijiji cha juu ya jabali, nendeni kwa basi, kisha mshuke kwa miguu njia iliyopewa jina la mwanafalsafa Nietzsche hadi stesheni ya chini. Anayekuambia muipande kutokea chini hakutakii mema.

Mengine madogo. Ukiingia duka lolote sema "bonjour" kabla ya neno jingine, bila hiyo unaonekana huna adabu, na hapo wanafanana na sisi. Jikoni migahawa mingi hufunga saa nane mchana mpaka saa moja jioni, njaa ya saa tisa itawakuta na mkate tu. Maji ya jagi ni bure ukiyaomba.

Viza: mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue kiwango cha euro 30,000. Maombi yanakwenda kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo mkilala Nice siku zote ni Ufaransa moja kwa moja, hakuna kupiga hesabu za nchi tatu. Ventimiglia ni viza ile ile, Monaco pia. Mwezi wa tisa mmechagua vizuri, maji bado ya vuguvugu na umati wa Agosti umeshapungua. Chumba tafuteni karibu na stesheni ya Nice-Ville au mji mkongwe, ila mji mkongwe ulizeni kwanza kama kuna lifti, maana ngazi zake na mabegi ya shemeji havitaelewana.