Mvule au mahogani kwa gitaa la umeme?

SWALI: Nataka kutengenezewa gitaa la umeme. Fundi wa Gikomba anapendekeza mvule. Rafiki yangu asema bila mahogani sauti itakuwa mbovu. Nimfuate nani?
Msomaji, Kayole

JIBU: Kwa upande wa sauti, usimfuate yeyote. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, nayo hunasa mtikisiko wa nyuzi za chuma. Mchango wa mbao ni mdogo mno. Ukishawasha amplifaya, ni vigumu kuutambua.

Mbao ichague kwa uzito na ukavu. Mvule ni imara lakini mzito, na ukipiga ibada nzima umesimama bega litakuuma. Mkangazi, yaani mahogani ya Afrika Mashariki, ni mwepesi zaidi. Saiprasi ni laini, skrubu za briji (kishikilia nyuzi mwilini) hulegea. La kuogopa hasa ni mbao mbichi: shingo ikikaukia kwenye gitaa hupinda, na nyuzi huinuka au kugonga freti, vile vipande vya chuma vya shingoni. Pima kwa mita ya unyevu. Asilimia 8 hadi 10 inatosha.

Pesa nyingi ziende kwenye pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha anza na nafasi ya milimita 2.4 kati ya pikapu na uzi mnene, na 1.6 kwa mwembamba. Pikapu ikisogea karibu zaidi, sumaku huvuta nyuzi na sauti huyumbayumba. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, ifungiwe potensiometa (vidhibiti vya sauti na toni) za kilo-omu 500. Ukiweka za 250, sauti kali za juu hufifia, nawe utalaumu mbao bure.