Wasomaji Wanauliza: Viza ya Vietnam, kuanzia jina la pasipoti hadi noti za buluu

Mwezi huu barua nyingi za wasomaji zinaelekea upande mmoja: Vietnam. Sababu inajulikana. Tangu tarehe 15 Agosti 2023 nchi hiyo inatoa viza ya mtandaoni kwa mwenye pasipoti ya nchi yoyote, na Mkongomani yumo. Aliye Lubumbashi hahitaji tena kutuma pasipoti yake ubalozini. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Kuna komisioneri, yaani dalali, hapa mjini ananiomba dola 180 anitafutie viza ya Vietnam. Anasema bila barua ya mwaliko haitoki. Nimpe? — Mama mwenye duka, Kamalondo

Usimpe, Mama. Viza yenyewe ni dola 25 ukitaka kuingia mara moja, na dola 50 ukitaka kuingia na kutoka mara kadhaa. Zote mbili zinaweza kufika siku 90. Mtalii haombwi barua ya mwaliko. Anwani ya serikali ni evisa.gov.vn. Angalia mwisho wake, gov.vn, kwa sababu ukiandika “viza ya Vietnam” kwenye simu, zinazotangulia mara nyingi ni tovuti za ajansi zilizopambwa kwa bendera na nembo ili zifanane na ya serikali. Zitachukua pesa mara tatu au nne zaidi, kisha zijaze fomu ileile ambayo ungeijaza mwenyewe.

Kabla ya kuanza, weka tayari vitu vinne. Cha kwanza ni foto ya uso, ya mfano wa sentimita 4 kwa 6, mandhari meupe, bila miwani. Cha pili ni picha ya ukurasa wa pasipoti wenye foto yako, mzima, pamoja na mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Watu wengi wanaikata mistari hiyo au wanapiga picha taa ikiakisi juu ya plastiki, na maombi yanarudishwa. Weka pasipoti karibu na dirisha mchana, zima mwanga wa kamera, piga kutoka juu moja kwa moja. Cha tatu ni anwani ya mahali utakapolala. Nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bila malipo inatosha. Cha nne ni kadi ya benki ya Visa au Mastercard.

Katika fomu utachagua pia uwanja wa ndege au mpaka utakaoingilia, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama Kiingereza kinakusumbua, tafsiri maneno kwa simu ya pili. Usiwashe kitafsiri ndani ya ukurasa wenyewe, kwa maana kinaweza kubadilisha hata ulichoandika. Ukimaliza utapewa kodi ya maombi, yaani namba ya kufuatilia maombi yako. Iandike kwenye karatasi: kwa kodi hiyo, barua pepe yako na tarehe yako ya kuzaliwa ndipo utakapotafuta jibu. Malipo yakikwama usibonyeze tena na tena. Kwanza angalia kwa kodi kama pesa zimepokelewa, kisha uliza benki yako kama kadi imefunguliwa kwa malipo ya intaneti ya nje ya nchi. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Muda uliotangazwa ni siku 3 za kazi. Wewe hesabu wiki mbili. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, wala sikukuu, na kubwa kuliko zote ni Tết, mwaka mpya wao, ambao mwaka 2027 utaangukia tarehe 6 Februari. Ofisi zinafungwa siku kadhaa.

Kuna jambo lingine la kumwogopa komisioneri, mbali na bei. Akijaza fomu anaweka barua pepe yake, hivyo jibu na kodi vinabaki kwake. Na akikosea herufi moja, atakayezuiwa kupanda ndege ni wewe.

Nina jina, postnom (jina la pili baada ya la ukoo) na prénom (jina kama Josephine). Fomu ina sehemu mbili tu. Niandike nini wapi? — Dada wa Bukavu

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na tunaomba kila msomaji alisome hata kama hasafiri leo. Mfumo wetu wa majina matatu haujulikani huko, na fomu haikuulizi wanakuitaje nyumbani. Inataka kile mashine inachosoma kwenye pasipoti. Basi fuata mstari wa kwanza kati ya ile miwili iliyo chini kabisa ya ukurasa wa foto. Baada ya herufi COD, majina yote yaliyo kabla ya alama mbili << ni jina la ukoo. Yote yanayofuata ni majina mengine. Alama moja < ni nafasi tu kati ya neno na neno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mstari ukisoma KALENGA<<MWAMBA<JOSEPHINE, sehemu ya ukoo andika KALENGA, na sehemu ya majina mengine andika MWAMBA JOSEPHINE. Mstari ukisoma KALENGA<MWAMBA<<JOSEPHINE, ukoo ni KALENGA MWAMBA na jina lingine ni JOSEPHINE. Usikisie, wala usifuate karti ya uchaguzi. Alama za Kifaransa juu ya herufi ziache: É inakuwa E. Tikiti ya ndege nayo iandikwe kwa mpangilio huohuo.

Namba ya pasipoti inaua safari nyingi kimyakimya kwa sababu ya herufi O na sifuri. Kwenye foto ya simu vinafanana. Isome mahali pawili, juu ya ukurasa na kwenye mstari wa pili wa chini, kisha mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti wewe ukifuata kwenye fomu. Viza ikitoka na kosa, hakuna kurudishiwa pesa: utaomba upya, ulipe upya, usubiri upya. Kwa hiyo siku utakapoipata, kaa na pasipoti mkononi ulinganishe herufi kwa herufi: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tarehe za kuingia na kutoka. Mfanyakazi wa shirika la ndege pale uwanja wa ndege wa Luano atafanya vilevile, na shirika linalombeba mtu mwenye karatasi zenye kosa linaweza kulazimika kumrudisha. Usitarajie akuhurumie.

Na angalia mwisho wa pasipoti yenyewe. Vietnam inataka iendelee kuwa halali angalau siku 30 baada ya viza kuisha, lakini mashirika ya ndege mara nyingi yanadai miezi 6. Shika ile miezi 6.

Kijana wangu amepata tikiti za bei nafuu: moja Lubumbashi hadi Bangkok kupitia Addis Abeba, nyingine ya kampuni tofauti Bangkok hadi Hanoi. Kuna ubaya? — Baba wa Kampemba

Upo, Baba, na ni mkubwa. Tikiti mbili zisizounganishwa maana yake mizigo itatoka Bangkok. Ili aichukue, kijana lazima apite uhamiaji wa Thailand, na hapo atahitaji viza ya Thailand. Kuna wengine hawafiki hata huko: wanakataliwa kwenye kaunta ya kwanza, kwa sababu mfanyakazi anaona safari inaishia Bangkok na viza ya Bangkok haipo. Nunua tikiti moja yenye safari nzima, kwenda na kurudi, hata kama inazidi kwa dola mia. Siku ya kuondoka, kabla ya kuachilia begi, soma kile kikaratasi cha mzigo: kiandikwe HAN kama unaenda Hanoi, au SGN kama unaenda mji wa Ho Chi Minh.

Hesabuni pia tarehe vizuri. Vietnam iko mbele ya Lubumbashi kwa saa 5, na safari inavuka usiku. Tarehe ya kwanza ya viza isiwe baada ya siku ya kutua. Viza inayoanza tarehe 10 haimfai mtu anayetua tarehe 9 saa tano usiku. Atazuiwa kwa kukosa saa moja. Afadhali iwekwe siku mbili au tatu kabla, maana siku 90 ni nyingi.

Viza ichapwe kwenye karatasi, nakala mbili. Simu inaweza kuzimika njiani.

Karti ya manjano ni lazima? — Wasomaji kadhaa, Katuba na Ruashi

Ndiyo, ibebeni. Kongo inaidai kwa anayeingia, hivyo mtaihitaji wakati wa kurudi nyumbani, na Ethiopia na Kenya nazo zinaidai kwa wanaotoka kwetu. Karti inaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya chanjo ya homa ya manjano, basi kuchanja juma la safari ni kuchelewa. Chanjo moja inatosha maisha yote. Kanuni hiyo ya kimataifa ilianza tarehe 11 Julai 2016, na inahusu hata karti za zamani zilizoandikwa miaka 10. Jina kwenye karti lifanane na la pasipoti.

Nibebe dola au nitumie kadi? — Mfanyabiashara, soko la Kenya, Lubumbashi

Beba vyote viwili. Huku kwetu tumezoea kulipa kwa dola dukani. Kule sheria inataka bei na malipo kwa dong, pesa ya Vietnam. Dola moja inazidi dong 25,000, kwa hiyo utajikuta na mamilioni mfukoni na sifuri zitakuchanganya siku za kwanza. Noti ya 500,000 na ya 20,000 zote ni za buluu, zote za plastiki. Ya kwanza inakaribia dola 20, ya pili haifiki hata dola moja. Usiku ndani ya teksi ni rahisi kutoa moja ukidhani ni nyingine. Tenga za 500,000 mfuko wake, na kabla ya kulipa hesabu sifuri. Tunasisitiza kwa sababu kosa hili moja linaweza kula pesa ya chakula cha siku mbili.

Unajua jinsi noti ya dola iliyochanika inavyokataliwa hapa Lubumbashi. Kule ni hivyohivyo: iliyochorwa, yenye muhuri au iliyokunjika sana inakataliwa au inapunguzwa bei. Beba za 100 zilizo safi, kwani ndogondogo hupata bei ya chini. Badilisha benki au kwenye duka lenye kibali. Kubadilisha kwa sonara asiye na kibali ni kosa, hata akikupa bei nzuri. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu, itangaze kwa forodha na uitunze ile karatasi. Bila hiyo, siku ya kutoka na kiasi kama hicho wanaweza kukuzuilia.

Teksi za mitaani uwe nazo macho. Programu ya Grab inakuonyesha bei kabla ya kupanda, gari au pikipiki.

Likizo ya shule ni Julai na Agosti. Wakati huo hali ya hewa ikoje? — Familia ya mtaa wa Golf

Sisi tuko katika baridi ya kiangazi, wao wako katika joto. Hanoi na kaskazini ni joto zito lenye mvua, na dhoruba zinaweza kusimamisha meli za ghuba ya Ha Long. Kusini mvua inanyesha, mara nyingi alasiri. Pwani ya kati ndiyo yenye ukavu miezi hiyo, basi tungewapeleka Da Nang, Hoi An na Hue. Mji wa kale wa Hoi An uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1999, na majengo ya kifalme ya Hue tangu 1993. Kutoka Da Nang hadi Hue pandeni treni, si basi: ni saa kama tatu, na reli inazunguka mlima Hai Van bahari ikiwa chini yenu. Ni kipande cha reli ya kilomita 1,726 inayounganisha Hanoi na mji wa Ho Chi Minh. Msiende pwani hiyo kati ya Septemba na Novemba. Ndio wakati wa mafuriko.

Kila mtoto mwenye pasipoti yake anaombewa viza yake na kulipiwa.

Nimeambiwa nikiingia kwa viza ya siku 90 nitapata kazi huko, na kwamba kuna mtu atanipa mzigo mdogo nimpelekee ndugu yake. — Kijana wa Kipushi

Ndugu yetu mdogo, tunakuomba uache yote mawili. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kazi. Mgeni anahitaji kibali kinachoombwa na mwajiri, pamoja na vyeti vilivyothibitishwa, na anayekamatwa bila hicho analipishwa faini na kufukuzwa. Anayekuambia vinginevyo anataka pesa zako, au anataka ukwame ili akutumie.

Na huo mzigo usiuguse. Hukumu za Vietnam kwa dawa za kulevya zinafika kifungo cha maisha, na hata kifo kwa wanaozifanyia biashara, na begi lenye jina lako ni lako mbele ya askari. Hata sabuni, hata viatu, hata unga wa mhogo: kama hukufunga kwa mikono yako, usibebe. Acha nyumbani sigara za umeme pia. Zimepigwa marufuku huko tangu 2025.

Tukiwa huko tunataka kuvuka hadi Kambodia kuona mahekalu ya Angkor, kisha turudi Vietnam kupanda ndege. — Bwana na bibi, Bel-Air

Basi mwanzoni kabisa chagueni viza ya dola 50. Ile ya dola 25 inakufa mara mnapogongewa muhuri wa kutoka, na mtabaki upande wa Kambodia mkisubiri nyingine huku ndege yenu ikiondoka. Kambodia nayo ina viza yake, ombeni kabla ya kusafiri. Mkienda kwa basi, hakikisheni mpaka mtakaoutumia kurudi umo katika orodha ya vituo vinavyopokea viza ya mtandaoni. Orodha iko kwenye tovuti ileile, na si kila kituo cha mpakani kimo.