Siri tuitoe lini?

SWALI: Shikamoo, Mjomba. Mimi na kaka yangu tunaandika filamu fupi kuhusu mama aliyewaambia watoto wake kwamba baba yao alikufa, kumbe yu hai. Kaka anataka mtazamaji asijue mpaka dakika ya mwisho. Mimi nataka ajue mapema. Leo siku ya tatu tumenuniana. Tuamue.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka atanisamehe, niko upande wako. Siri ikitoka mwishoni kabisa mnapata “Lo!” moja, kisha watu wanainuka. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alimweleza hivi mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962: bomu chini ya meza likilipuka ghafla, mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15, akijua lipo na waliokaa mezani hawajui, anapata dakika 15 za taharuki.

Nyumbani bomu huwa kitu kidogo tu. Katika filamu ya Hitchcock, Shadow of a Doubt ya mwaka 1943, mjomba (si mimi!) anakuja kukaa kwa dada yake na kumvisha mpwa wake pete. Ndani imechorwa herufi za majina ya watu wengine. Binti anakwenda maktaba, anafunua gazeti: mojawapo ni jina la mjane aliyeuawa. Lakini ninachokirudia kila mara ni zile ngazi. Wageni wamejaa, mjomba kashika bilauri, binti anashuka taratibu huku mkono ukiteleza juu ya mbao ya ngazi, kamera inasogea hadi tunaiona pete. Mjomba naye kaiona. Papo hapo anatangaza kuwa kesho anaondoka! Dada mtu analia kwa kuachwa, wageni hawaelewi kitu. Ni wawili tu wanaojua, na sisi.

Basi mtafutieni mama wa filamu yenu pete yake. Barua hapana, tumechoka na barua za kabatini. Mama anapiga pasi. Kati ya sare za watoto linapita shati moja la kiume, analikunja haraka na kuliweka chini kabisa. Tuone sisi kwanza, halafu mtoto mkubwa. Kisha wakalisheni wote kula, na asiulize mtu.

Kaka yako naye msimnyime dakika yake ya mwisho. Aitumie kutuonyesha kwamba yule mdogo, ambaye kila mtu anamwona hajui lolote, ndiye aliyekuwa akimfungulia baba mlango usiku.